Mumewe Alisema Nini

Kwa miaka mitatu sikujua mumewe alisema nini.
Kila Jumapili namfuata Kibada mama mdogo Eliwaza,
kitenge kimenyooka pasi, kitabu cha nyimbo pajani,
na kabla hatujalipa getini tuingie darajani
ameshaifungua kesi ya uzio: shamba la Same, jirani,
mwenyekiti aliyekula mbuzi wa pande zote mbili.
Tunaifikia kona ya kushukia Kurasini.
"Basi mume wangu akasimama, akawaambia ndugu zake—
Yesu wangu!"

Alteza yangu imelala ubavu
kama mlevi anayetafuta ukuta.
Mkono wake umerukia mpini wa juu ya dirisha,
kitabu cha nyimbo kiko chini,
na hadithi iko chini pamoja nacho.
Tukishanyooka barabara ya Mandela
ananiuliza bei ya nyanya.

Nilikwenda Gerezani na laki sita za upatu.
Kijana wa dukani akanitolea springi fupi, nyekundu kama pilipili:
"Funga hizi, braza, gari libusu lami."
Nikazipenda. Nani asingezipenda?
Nikazipiga picha, nikampelekea fundi Mchopanga, Tabata Relini.
Alikuwa chini ya Noah ya mtu,
miguu tu ndiyo inaonekana,
na miguu ikaniuliza:
"Unakaa wapi?"
Segerea, ndani ndani.
"Matuta mangapi?"
Kumi na moja,
ukiacha shimo waliloanzisha watu wa maji wakasahau kulimaliza.
"Basi lami utaibusu kweli. Na meno utayaacha hapo hapo."

Akatoka, akajifuta mikono kwa fulana iliyokuwa chafu kuliko mikono.
Akaegemeza kiganja kwenye buti, akasukuma, akaachia.
Gari likashuka, likapanda, likashuka, likapanda,
kama mtu anayeomba radhi
asijue pa kunyamaza.
Akachomeka nondo karibu na gurudumu, akainyanyua kidogo:
busi ikapanua mdomo,
imechanika kama ndala ya bafuni.
"Springi kazi yake kukubali," alisema.
"Shokapu kazi yake kusema basi.
Gari lako linakubali kila kitu. Wa kusema basi hayupo."

Siku mbili.
Shokapu nne za mtumba wa Japani, kavu, bila tone la mafuta;
alizikandamiza sakafuni moja moja, ameinamisha sikio.
Busi mpya zote, za mpira mgumu.
Stablaiza nene kuliko ile iliyozaliwa na gari.
Springi? Zile zile za kiwandani. Nyekundu zikabaki kwenye simu.
Nikadhani amemaliza, gari lingali juu ya jeki,
kumbe nati za busi hajazikaza.
"Kwanza lisimame kwa uzito wake," akasema.
"Ukikaza likiwa linaning'inia, mpira unazaliwa umepinda."
Akalishusha. Akaingia chini tena, kwa kifua,
huku adhana ya alasiri inaita,
akakaza.
Asubuhi yake alaimenti, Buguruni,
na usukani ukaacha kunivuta kushoto,
tabia niliyokuwa nimeizoea nikidhani ni yangu.

Jumapili.
Getini nikalipa. Mwenyekiti akala mbuzi wa kwanza,
katikati ya daraja akala wa pili.
Kona ikaja. Sikupunguza: hamsini, kama siku zote.
Gari likainamisha bega kidogo tu,
likashika,
likageuka.
Nilikuwa natazama mkono wake.
Ulibaki pajani, juu ya kitabu.
"...akawaambia ndugu zake: Wapeni hatua mbili.
Ya tatu, basi."

Kisha akafunua kurasa akitafuta namba ya wimbo,
kama mtu ambaye hajasema kitu.

Mimi ndiye niliyepitiliza njia ya kanisani.